Je, Anita Borg angepata basari iliyobeba jina lake?

Ukiomba basari ya kompyuta, swali la kwanza huwa gredi. Mimi hapo ndipo napata shida.

Anita Borg, Mmarekani, alijifunza mwenyewe kuandika programu akiwa kazini katika kampuni ndogo ya bima. Shahada ya uzamifu alikuja kuipata 1981. Mwaka wa 1987 akaanzisha Systers, kundi la kina dada wa kompyuta walioshauriana kwa barua pepe. Alifariki 2003 na mwaka uliofuata Google ikaanzisha basari ya kumkumbuka, ambayo baadaye ilifika hadi Afrika.

Imelipia wengi karo, hilo silipingi. Lakini ilitaka matokeo ya juu darasani. Sasa yule dada anayeshinda kwa duka la M-Pesa mchana, usiku anajifunza kukodi kwa simu, ataonyesha nini? Na ndiye anayefanana na Borg kabisa!

Borg alitaka wanawake wawe nusu ya wanateknolojia kufikia 2020. Wapi! Hata jina lake lilishatolewa kwa basari hiyo. Wanaogawa basari hapa kwetu waongeze swali moja tu kwenye fomu: umeunda nini?