Udongo Hauzaliwi Dukani

Tangu tarehe 1 Aprili 2024 sheria ya Ujerumani yamruhusu mtu mzima kulima miche mitatu ya bangi nyumbani kwake. Hapa kwetu Kongo imekatazwa, wala siwashauri kuipanda. Nasema juu ya udongo tu.

Mlimaji huyo mpya aanza na nini? Aenda dukani, anunua mfuko wa «udongo wa asili», kisha ajisifu kuwa rafiki wa ardhi. Ajidanganya! Mara nyingi mfuko ule ni mboji iliyochimbwa katika vinamasi. Kinamasi huongeza mboji kama milimeta moja kwa mwaka. Basi meta moja ni kazi ya miaka elfu. Kikikaushwa, kaboni iliyolala humo hupanda hewani. Kuharibu kazi ya miaka elfu kwa ajili ya chungu kimoja, ndiko kupenda ardhi?

Atajibu: «Mjini hakuna shamba.» Lakini maganda ya jikoni yapo, na majani makavu yapo. Ayachanganye katika sanduku lenye matundu, ayanyunyizie maji, ayageuze. Baada ya miezi kadhaa atapata udongo mweusi wenye uhai.

Nasi tusimcheke. Vinamasi vya katikati ya Kongo, vilivyotangazwa mwaka 2017, vyapita kilometa za mraba 145,000. Tukizoea kuchoma majani uani leo, kesho nani atatuzuia kuuza mboji ile kwa mifuko? Weka kiberiti chini, ndugu. Chimba shimo, uyatie majani humo.