Maji yasiwe mwamuzi wa ajira

Wahenga walisema: mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Lakini katika delta ya Rufiji wako vijana wanaogaagaa na upwa tangu alfajiri, na bado kazi za mshahara huwapita. Sababu si uvivu. Sababu ni mahali walipozaliwa.

Daraja la Mkapa, lililofunguliwa mwaka 2003, liliwaondolea adha ya kivuko wasafiri wa Lindi na Mtwara. Wilaya ya Kibiti nayo ilipomegwa kutoka Rufiji, ofisi zilisogezwa karibu na wananchi. Hayo ni maendeleo, na tunayapongeza. Hata hivyo, mwananchi wa Kiongoroni, Maparoni au Msala bado hupita kwa chombo katika mikondo ya mikoko, na saa ya kung'oa nanga haipangi yeye. Huipanga maji kujaa na kupwa. Akiitwa Kibaha, makao makuu ya Mkoa wa Pwani, kwa kawaida hana budi kupitia Dar es Salaam kwanza.

Tuseme tangazo la kazi limetolewa kwa siku saba. Kwa kijana wa Kibiti mjini muda huo unatosha. Kwa mwenzake wa kisiwani, siku hizo huweza kwisha kabla habari haijamfikia. Ikimfikia, nauli, malazi na siku za kuacha uvuvi ni gharama asizozijua yule wa barabarani. Maombi ya kazi za Serikali sasa hupelekwa kwa mtandao. Kwa asiye na umeme wala mawasiliano ya uhakika, huo ni mkondo mwingine wa kuvuka.

Katiba yetu, ibara ya 22, inampa kila raia fursa sawa ya kushika kazi chini ya Mamlaka ya Nchi. Kwa hiyo hatuombi upendeleo. Tunaomba matangazo yafikishwe mapema kwa watendaji wa vijiji, usaili wa kazi za wilaya ufanyike pia Nyamisati, na tarehe zake zipangwe kwa kuangalia bamvua na maji mafu. Maofisa wanaosimamia mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri nao wawafuate wanawake, vijana na wenye ulemavu huko huko visiwani.

Ndugu zetu wa visiwani nao wasingoje kuitwa. Waunde vikundi, na waulize nafasi za kazi katika kila mkutano wa kijiji.

Kijana apimwe kwa uwezo wake. Kama ni kukosa kazi, aikose kwa kushindwa usaili, si kwa kuwa maji yalikuwa yamekupwa.