Uzuri Ulio Chini ya Bamba

Leo tunawaomba mtuvumilie kidogo, maana tumeamua kuzungumzia jambo ambalo huenda wengi wenu hamkutarajia kulikuta hapa: sura na uundaji wa amplifaya za valvu, yaani ile mitambo ya kukuza sauti ambayo kazi yake hufanywa na taa za kioo zinazowaka. Aliyetuingiza katika habari hii ni kijana mmoja.

Kijana huyo, ambaye kwa muda mrefu amekuwa akitusaidia kufunga spika na vipaza sauti, alitumia akiba ya miezi kadhaa kununua kwa njia ya mtandao amplifaya ndogo yenye valvu mbili zilizochomoza juu kama pembe za mbuzi. Akatuletea tuione. Tulipoiwasha, mwanga wa rangi ya machungwa ulijaa katika vioo papo hapo, kabla hatujaondoa kidole kwenye swichi. Hilo likatutia shaka, kwa sababu valvu ya kweli haina haraka. Uzi wake huanza kwa wekundu hafifu, na msikilizaji hana budi kungoja nusu dakika hivi kabla muziki haujakaa sawa. Tukaizima, tukaichomoa kwenye umeme, tukafungua skrubu nne za chini. Chini ya kila soketi palikuwa na kitaa kidogo cha LED kilichoelekezwa juu ili kukipaka kioo rangi. Valvu zenyewe zilikuwa na kazi ndogo tu katika hatua ya mwanzo. Mzigo wote wa kusukuma spika ulibebwa na chipu moja iliyoegeshwa kwenye kipande cha alumini. Kijana alitazama kwa kitambo, kisha akauliza, "Baba, kwa hiyo mimi nimeuziwa taa?"

Hatukuwa na jibu jepesi. Mtambo ulikuwa unapiga muziki, wala haukuupiga vibaya. Hata hivyo tuliona haya kwa niaba ya yule aliyeuunda, na swali la kijana limetufuata juma zima. Uzuri wa mtambo wa namna hii ni kitu gani hasa, na unakaa wapi?

Ili tuelewane, valvu ni chupa ya kioo iliyonyonywa hewa. Ndani yake uzi wa umeme hupasha moto kibomba cha metali hadi elektroni zinachomoka na kuruka kuelekea kwenye bamba linalokizunguka. Njiani hupita katika wavu mwembamba, na badiliko dogo la umeme katika wavu huo huzaa badiliko kubwa kwenye bamba. Mwingereza John Ambrose Fleming alitengeneza valvu ya kwanza mwaka 1904. Miaka michache baadaye Mmarekani Lee de Forest akaongeza ule wavu, na hapo ndipo ukuzaji wa sauti ulipowezekana. Katika maelezo haya mafupi hutoka karibu kila kitu ambacho jicho hukiona katika amplifaya nzuri. Valvu hutoa joto jingi, basi huwekwa juu, mahali pa wazi, ili hewa ipite. Hutaka volti 300, 400 au zaidi, basi pawepo transfoma kubwa ya kuzilisha. Tena haziwezi kuisukuma spika moja kwa moja, maana zenyewe hutoa volti nyingi na mkondo mdogo, ilhali spika hutaka kinyume chake. Kwa hiyo kati yao huwekwa transfoma nyingine, ya kutolea sauti, na hiyo ndiyo moyo wa mtambo: mabati membamba ya chuma yaliyobanwa pamoja, na waya wa shaba uliozungushwa tabaka juu ya tabaka. Anayeinua amplifaya ya valvu na kustaajabia uzito wake, kwa kweli ameinua transfoma.

Basi sura yake ya asili haikubuniwa na mpambaji. Ilizaliwa na joto, uzito na hatari.

Miaka tuliyokuwa masomoni Uingereza, mzee mwenyeji wetu alikuwa na jozi ya amplifaya za Quad II, ambazo zilianza kuuzwa mwaka 1953 na kampuni ya Peter Walker huko Huntingdon. Kila moja hutoa wati 15 tu. Ni kitu chembamba: transfoma upande huu, transfoma upande ule, valvu katikati, vyote vimepakwa rangi ya kijivu inayoelekea shaba. Kilichotushangaza ni kwamba mzee alikuwa amezificha kabatini. Kumbe hakuwa amekosea. Kilichokusudiwa kuonekana sebuleni kilikuwa kile kisanduku kidogo cha kudhibiti sauti. Amplifaya zenyewe zilitarajiwa kukaa mafichoni na kufanya kazi. Jioni moja alizizima, akangoja kitambo kirefu ili umeme uliobaki katika kapasita uishe, kisha akaigeuza moja na kuufungua upande wake wa chini. Hapo tuliona waya zilizolala sambamba, kila kona imekunjwa kwa uangalifu, na kila tone la lehemu laini na la mviringo. Mtambo uliotengenezwa ili ufichwe kabatini, na bado mtu fulani karakanani alizipanga waya zake kana kwamba wageni wangekuja kuzikagua.

Tulimsifia uzuri ule. Mzee akatikisa kichwa. Alitueleza kwamba mpangilio ule haukuwekwa kwa ajili ya macho, bali ulikuwa adabu kwa fundi asiyejulikana, ambaye miaka 30 au 40 baadaye angeifungua akitafuta kapasita iliyochoka. Fundi huyo akikuta waya zimesongamana kama kiota cha kunguru, atapoteza siku nzima, au ataugusa mahali pasipogusika. Akikuta njia imenyooka, atafanya kazi yake na kwenda nyumbani salama. Tangu siku ile hatujaweza kuitazama amplifaya kwa mbele tu.

Wamarekani wao hawakuficha kitu. Mwaka 1961 kampuni ya McIntosh, yenye makao yake Binghamton, New York, ilitoa MC275, ambayo jina lake ni hesabu: chaneli 2, kila moja wati 75. Bamba lake la chuma lilipakwa kromu hadi mtu aone uso wake humo. Nyuma zimesimama transfoma tatu nyeusi, mbele zake valvu nne kubwa za KT88, na uzito wote ni kama kilo 30. Picha za mtambo huu ndizo zilizowafanya wengi waamini kwamba amplifaya ya valvu lazima ing'ae. Lakini heshima yake haikutoka kwenye kromu. Ilitoka ndani ya transfoma zile nyeusi, katika namna ya kuzungusha waya mbili bega kwa bega ambayo Frank McIntosh na Gordon Gow waliibuni katika miaka ya 1940, namna ngumu kuizungusha na isiyoonekana kabisa kwa mnunuzi. Kampuni hiyohiyo, katika miaka ya 1960, ilikuwa ikipeleka mafundi wake madukani kupima bure amplifaya ya mtu yeyote, hata iliyotengenezwa na mshindani. Uundaji wa MC275 ulikoma mwaka 1973, enzi ya transista ikiwa imetamalaki, kisha ukarudi mwaka 1993, na tangu hapo umetolewa upya mara kadhaa. (Toleo la sita lina vitaa vya LED chini ya valvu ndogo, vinavyobadilika kutoka machungwa kuwa kijani mtambo ukiwa tayari. Tunakiri kwamba vina taarifa ya kutoa, tofauti na vile vya kijana wetu; hata hivyo hatukuvipenda.)

Sasa tukija kwenye bei za juu kabisa, mambo huwa magumu kuyahukumu. Mjapani Hiroyasu Kondo, aliyefariki mwaka 2006, aliunda amplifaya iitwayo Ongaku, ambayo transfoma zake za kutolea sauti zimezungushwa waya za fedha badala ya shaba. Hapa lugha yetu imetutangulia, kwa kuwa kwetu fedha ni madini na fedha ni bei. Kwa upande wa sayansi, fedha hupitisha umeme vizuri kuliko shaba kwa asilimia 6 hivi, tofauti ambayo waya wa shaba ulionenepa kidogo unaweza kuifidia. Je, ni majivuno? Wapo wanaosema hivyo, na hatuwalaumu. Sisi tunasita, kwa sababu moja: fedha ile imefichwa. Aliyetaka kujionyesha angeipaka nje. Mtu anayeizika tunu yake ndani ya transfoma, mahali ambapo hata mwenye mali hataiona, huenda amekosea hesabu, lakini hatuwezi kumwita mdanganyifu.

Kinachotusikitisha ni kile kinachoenda kinyume chake. Siku hizi tunaona mitambo ya bei ya gari ambayo uso wake ni bamba la alumini nene kama tofali, vitufe vyake vimechongwa kwa mashine ya thamani, mbao zake zimesuguliwa hadi zikawa kama maji. Kisha ukiifungua, soketi za valvu zimelehemiwa moja kwa moja kwenye bodi nyembamba ya saketi. Bodi si kosa. Bodi nene iliyosanifiwa vema hudumu, na huondoa makosa ya mkono. Lakini valvu hupata moto na kupoa kila siku, soketi husukumwa na kuvutwa kila valvu inapobadilishwa, na mwishowe lehemu hupasuka na bodi huungua rangi ya kahawia. Muundaji hulijua hilo. Kama aliona vema kutumia nusu ya gharama kwenye uso, angalau soketi angezifunga kwenye chuma na kuziunganisha kwa waya.

Tena lipo jambo la kizimba. Amplifaya nyingi huja na wavu wa chuma wa kufunika valvu, na katika picha za matangazo wavu huo karibu daima umeondolewa, ili vioo vionekane. Wanunuzi nao huuondoa na kuuweka stoo. Tunasema bila kuzunguka: katika nyumba yenye mtoto anayetambaa, huo ni upumbavu. Kioo cha KT88 kikiwa kazini huunguza ngozi kwa mguso mmoja, na mtambo ukiangushwa na kioo kuvunjika, mlemle ndani zimo volti mia kadhaa. Kama muundaji alijua kwamba wavu wake ni mbaya wa sura kiasi cha kutoonyeshwa, ilimpasa kuunda wavu mzuri. Hiyo pia ni kazi yake.

Alipokuja tena, tulimwambia kijana yote haya, na tukamwonyesha namna ya kuitazama amplifaya kuukuu kabla ya kuinunua. Aangalie doa la fedha lililo ndani ya kioo cha valvu, kwa kawaida juu kileleni: likiwa limegeuka jeupe kama maziwa, hewa imeingia na valvu imekufa, hata kama mtambo unang'aa. Ainue, apime uzito. Aulize kama valvu zake bado hutengenezwa, kwa maana KT88 bado hutoka viwandani, kwa mfano nchini Slovakia, lakini zipo za aina nyingine ambazo zimebaki katika maboksi ya watu wachache tu. Halafu aombe igeuzwe na kufunguliwa chini. Muuzaji akikataa, ashukuru na kuondoka.

Alisikiliza, akacheka kidogo, akasema akiba imekwisha na hana cha kwenda kukigeuza. Juzi ametuletea tena ile ndogo yake. Alikuwa ameving'oa vile vitaa viwili na kuvifunga katika karatasi. Tukazima taa ya chumba, tukaiwasha, tukangoja. Kwa muda hatukuona kitu. Kisha katika kila kioo, chini kabisa, pakatokea nukta ya wekundu, ndogo kuliko punje ya mtama, na tukaketi kuitazama hadi muziki ulipokwisha.