Msisubiri madalali wa mahakama
Ndugu mwandishi, umeieleza vizuri kodi ya halmashauri, ila umeruka hatua inayowaumiza wengi wetu hapa Uingereza. Ukikosa kulipa awamu moja ya kodi hiyo, unaandikiwa barua ya kukumbushwa na kupewa siku 7. Zikipita hujalipa, na nyingine 7 juu yake, unadaiwa kodi yote iliyobaki ya mwaka kwa mkupuo! Dada yangu yalimkuta hayo. Shauri likafika mahakamani, gharama zikaongezwa juu ya deni, na yeye ana watoto wa kulisha. Na wewe msomaji mwenzangu uliyeandika hapo juu kwamba unaishi peke yako, omba punguzo la asilimia 25. Unaweza pia kuomba ulipe kwa awamu 12 badala ya 10, lakini wapigie halmashauri mapema, kabla hujachelewa hata mara moja.