Acheni kumwaga maji yote ya tangi la samaki

Wanaofuga vifaranga wa perege au samaki wa mapambo kwenye matangi ya kioo huniuliza swali lilelile: "Bwana Samaki, nabadilisha maji leo, keshokutwa yamekuwa meupe kama maji ya mchele. Nifanyeje?" Jibu langu haliwafurahishi: acheni kuyamwaga yote.

Weupe ule mara nyingi si tope. Ni bakteria waliozaliana ghafla kwa sababu ya chakula kilichobaki na kinyesi. Ukimwaga maji yote na kusugua changarawe na sponji ya chujio kwa sabuni, unaua pia bakteria wengine wanaoishi humo, ambao kazi yao ni kuondoa sumu ya amonia inayotoka kwa samaki. Hao huchukua wiki 4 hadi 6 kujijenga. Basi kila Jumamosi mtu anaanza upya! Maji yanang'aa siku mbili, kisha vifaranga aliotarajia kuwauza wanapanda juu kuhema na kufa.

Cha kubadilisha kwanza ni mkono unaolisha. Wengi mmetoka kwenye bwawa, ambako pumba humwagwa kwa kopo na maji ya kijani ni neema kwa perege. Tangi la lita 60 halivumilii hayo. Toa chakula kinachoisha kwa dakika 2 au 3, kinachobaki kiondoe. Pumba za mahindi, kusema kweli, sizipendi kabisa kwenye tangi; vumbi lake tu linatosha kuchafua maji.

Kisha badilisha robo ya maji kwa wiki. Maji ya bomba yenye klorini yaache kwanza kwenye ndoo wazi siku nzima. Sponji ikiziba, ikamulie kwenye maji yaliyotoka tangini, bila sabuni. Na pampu isizimwe usiku ili kuokoa umeme, kwa sababu bakteria hao wanahitaji hewa kama samaki. Samaki wakianza kuhema juu ya maji, badilisha robo leo na robo kesho, na usiwalishe.

Wapo wanaotia shabu kwa kuwa husafisha maji ya kunywa. Huzamisha uchafu, kweli, lakini huongeza uchachu wa maji, na chakula kinachooza kinabaki palepale. (Maji yakiwa ya kijani, hiyo ni kazi ya jua. Sogeza tangi mbali na dirisha.)

Nanyi mnaouza matangi, lawama yenu ipo. Kumpa mtu tangi jipya na samaki kumi siku hiyohiyo ni kumuuzia hasara. Aanze na wawili au watatu, aongeze baada ya mwezi. Akirudi wiki ya kwanza akilalamikia weupe, mwambie apunguze chakula na asubiri wiki moja au mbili. Usimuuzie dawa.