Jina Lako Lina Kosa Gani?



  

Katika kurasa hizi tumezoea kuandika juu ya swala, adabu na kuwatendea wema wazazi. Mwaka huu tumeona tuzungumze jambo ambalo wengi wanalichukulia kuwa dogo, ilhali linagusa kila nyumba. Jambo hilo ni jina.

Kila mwalimu wa madrasa anayeita mahudhurio analijua tunalolisema. Binti ameandikwa daftarini Mwanahamisi Shabani. Shuleni anataka aitwe Hamy. Kwenye simu ana jina la tatu ambalo mama yake hajawahi kulisikia. Mama akija kumchukua na kumwita kwa jina lake zima mbele ya wenzake, binti anageuza uso kana kwamba anayeitwa ni mwingine. Kwa upande wa wavulana, Abdallah amekuwa Dula, Ramadhani amekuwa Rama na Muhammad amekuwa Mudi.

Tueleweke vizuri. Kufupisha jina kwa mapenzi si kosa. Bwana Mtume (s.a.w.) aliwahi kumwita mkewe Bi Aisha (r.a.) kwa kulikata jina lake, akamwita Aish. Sayyidna Ali (r.a.) alimkuta amelala msikitini na vumbi mwilini, akamwita Abu Turab, yaani baba wa udongo, na Ali akalipenda jina hilo kuliko majina mengine aliyoitwa. Jina la utani lenye upendo linaunganisha watu. Tahadhari iwepo tu kwenye majina yanayoanza na Abdu, kwa sababu ukimwondolea mtu neno "mja" katika Abdulrahman ukabaki unamwita Rahmani, umempa mwanadamu jina la Mola wake.

Kinachotusikitisha ni kufupisha kwa ajili ya kuficha. Kijana anayelificha jina lake leo, kesho atavua kofia anapokaribia lango la shule, na keshokutwa atawaambia rafiki zake kwamba yule mzee aliyesimama pale kwenye baiskeli ni jirani tu. Aibu huanzia mahali padogo. Ikiachwa ikakomaa, mtoto anajikuta anawaonea haya watu waliomzaa.

Sasa tujiulize, aibu hii imetoka wapi? Tazameni majina yanayochekwa zaidi: Mwajuma, Mwanaidi, Mwanahamisi, Tatu, Mwantumu. Mitaani na kwenye vichekesho Mwajuma ametungiwa hata ubini wa kejeli, akaitwa "Mwajuma Ndala Ndefu". Lakini jina lenyewe lina nini? Mwajuma ni mwana wa Ijumaa, siku bora ya wiki kwa Waislamu. Mwanaidi alizaliwa siku ya Idi, nyumba ikapata furaha mbili kwa pamoja. Mwanahamisi alizaliwa Alhamisi, siku ambayo Mtume (s.a.w.) alikuwa akipenda kufunga. Rajabu, Shabani na Ramadhani ni miezi ya kalenda yetu. Bibi aliyempa mjukuu wake jina la Mwajuma huenda hakujua kuandika, lakini alikuwa anahesabu siku zake kwa ibada, na jina hilo ni ushahidi wake.

Kwa maoni yetu, kinachochekwa hapo ni umaskini. Jina la Mwajuma limehusishwa na mtaa wa uswahilini, na mama mwenye kanga mbili anayeuza maandazi barazani. Anayelicheka anamcheka mama huyo. Na mtoto wa mama huyo anapokubali kucheka pamoja nao, amejiunga na wanaomdharau aliyemlea kwa maandazi hayo hayo. Mwenyezi Mungu katika Suratul Hujurat, aya ya 11, amewakataza wanaume kuwadharau wanaume wenzao na wanawake kuwadharau wanawake wenzao, na akakataza kuitana kwa majina mabaya. Aya mbili mbele yake, ya 13, ametueleza kuwa ametujaalia mataifa na makabila ili tujuane, na kwamba mbora wetu mbele Yake ni mchamungu zaidi. Mtu anayeficha alikotoka atajuanaje na wenzake?

Lipo pia kundi la pili, nalo linatoka ndani yetu wenyewe. Hawa ni wale wanaosema majina kama Tatu, Mwajuma au Kondo si ya Kiislamu, na kwamba mtoto lazima apewe jina la Kiarabu. Hatukubaliani nao. Umar, Uthman, Hamza na Talha (r.a.) waliitwa majina hayo kabla ya kusilimu, wakaingia nayo katika Uislamu, na Mtume (s.a.w.) hakuwataka wayabadilishe. Ni kweli ametufundisha kwamba majina anayoyapenda zaidi Mwenyezi Mungu ni Abdullah na Abdurrahman, na heri kwa mzazi anayeyachagua. Lakini kipimo alichokitumia Mtume kwa majina mengine ni maana. Jina likiwa na maana njema, lugha yake haina tatizo.

Maana ikiwa mbaya, hapo Mtume aliingilia. Alimbadilishia jina binti mmoja aliyeitwa Asiya, lenye maana ya mwasi, akamwita Jamila, yaani mzuri. Na hapa wenye jina la Asiya msiingiwe na hofu. Asiya, mke mwema wa Firauni, jina lake linaandikwa kwa herufi nyingine za Kiarabu na maana yake si hiyo ya uasi. Ni maandishi yetu ya Kiswahili tu yanayoyafanya yafanane. Ndiyo maana tunahimiza mtu aulize kabla ya kujibadilisha jina.

Katika historia yetu ya pwani pia tunaona uzito wa jina. Siti binti Saad, mwimbaji mashuhuri wa Zanzibar aliyefariki mwaka 1950, alipozaliwa kijijini Fumba alipewa jina la Mtumwa. Jina la Siti, lenye maana ya bibi wa heshima, alilipata baadaye. Hatumtaji kwa ajili ya nyimbo zake. Tunamtaja ili muone kwamba jamii iliyotoka katika utumwa ilijua wazi tofauti kati ya jina linalomshusha mtu na jina linalompandisha. Kwa hiyo mtoto aliyeitwa Shida, Mashaka au Matatizo, kwa sababu alizaliwa wazazi wakiwa katika dhiki, ana haki ya kuzungumza na wazazi wake kwa adabu juu ya jina jema zaidi. Hilo ni tofauti kabisa na Mwajuma kujiita Queen.

Wazazi nao tuna neno kwao. Siku hizi jina la mtoto linachaguliwa kwenye tamthilia. Kwa kuwa mwigizaji ni mzuri na jina linasikika vizuri, basi mtoto kaitwa, na ukiuliza maana hakuna anayeijua. Mzazi huyo huyo atashangaa mtoto wake akijichagulia jina kwa kipimo hicho hicho cha kupendeza masikioni.

Vilevile wazazi wawe makini na maandishi. Mtoto mmoja utakuta cheti cha kuzaliwa kinasema Mohamed, shule ya msingi wameandika Mohamedi, sekondari Muhammad, na kitambulisho cha NIDA kina jina la mtaani. Siku ya kuomba mkopo wa chuo, pasipoti au kazi ndipo familia inaanza kukimbizana na hati za viapo, na fedha inatoka. Andikeni jina moja, kwa herufi zile zile, tangu siku ya kwanza, pamoja na jina la baba na la babu. Suratul Ahzab, aya ya 5, imetuelekeza watu waitwe kwa baba zao. Majina matatu kwenye cheti ni nasaba fupi, ambayo mtoto anatembea nayo mfukoni.

Wapo watakaotuambia, "Walimu, dunia ya leo haiko hivyo. Kuna mahali jina la Kiislamu linamfungia mtu mlango." Hatupingi kwamba yanatokea. Tangu matukio ya Septemba 11, 2001 huko Marekani, Waislamu wengi wasafiri wamesimamishwa na kuhojiwa viwanjani kwa sababu ya majina yao. Lakini hapa kwetu Katiba ya mwaka 1977, ibara ya 19, imempa kila mtu uhuru wa dini yake. Anayebaguliwa ana haki ya kulalamika, na kijana hawezi kuidai haki hiyo huku jina lake ameliweka kando. Isitoshe, mlango uliofunguliwa kwa jina la uongo unamtaka mtu aendelee kuigiza kila siku, asiitwe na mama yake hadharani, asionekane akiswali. Huo ni mzigo mzito kuliko jina.

Hata hivyo, vijana wetu, msidhani jina peke yake linatosha. Swadiki ni mkweli, lakini tumewahi kuona Swadiki wangapi wanaongopa? Amina ni mwaminifu, na bado anaweza kunakili kwenye mtihani. Mtume wetu (s.a.w.), kabla hajapewa utume, Makureshi walimwita al-Amin kwa tabia waliyoiona kwake. Walipogombana nani aliweke Jiwe Jeusi mahali pake wakati Al-Kaaba inajengwa upya, waliridhika yeye awaamue kwa sababu ya uaminifu huo. Jina la kwanza alipewa na babu yake, jina hili la pili alilipata kwa matendo. Kila mmoja wenu anaweza kupata lake kwa njia hiyo.

Basi tunaomba mambo matatu. Mwanafunzi, leo ukirudi nyumbani, muulize baba, mama au bibi: nani alinipa jina hili, na kwa nini? Usikilize jibu mpaka mwisho. Mzazi, mweleze mwanao maana ya jina lake na habari za mtu aliyerithi kwake, maana mtoto haoni fahari juu ya kitu asichokijua. Na yeyote kati yetu atakayemsikia mtoto akichekwa kwa jina lake, darasani, mtaani au kwenye daladala, asinyamaze.

Siku ya Kiyama kila mtu ataitwa. Tunamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie tuitike majina yetu bila ya aibu, hapa duniani na huko akhera, na awarehemu waliotupa majina hayo. Amin.

Wabillahi tawfiq.