Daftari la Wiki: Karatasi ya Nyumbani Ibaki Nyumbani

Jirani yangu anafundisha kemia sekondari, na wiki hii amenunua printa ya kutumia nyumbani. Kilichomsukuma ni mitihani. Akitunga jaribio la kidato cha nne hulituma kwa WhatsApp kwenye steshenari iliyo karibu na kituo cha daladala. Kijana wa duka hulifungua, huliprinti, na faili hubaki pale kwenye kompyuta pamoja na mafaili ya mtaa mzima. Wateja wa duka hilo ndio wanafunzi wake. "Kaka, sitaki kumtuhumu mtoto wa watu," aliniambia. "Nataka tu jaribio langu lisitoke nyumbani kabla ya siku yake."

Nimemwelewa. Kaa kwenye steshenari yoyote ya Dar es Salaam msimu wa kuomba mikopo ya HESLB, utaona vyeti vya kuzaliwa, namba za NIDA na fomu zinazosubiri muhuri wa serikali ya mtaa, vyote vikiwa wazi kwenye skrini moja inayotazamwa na foleni nzima. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, lakini sheria haiji dukani kufuta faili lililosahauliwa. Kwa mtu wa kawaida, printa ya nyumbani ni ulinzi. Ndiyo maana inaniuma kuona inavyofanywa iwe ngumu kuwashwa.

*

Ndani ya boksi hamkuwa na kitabu cha maelezo. Kulikuwa na karatasi moja ya michoro: kidole, kitufe, simu, na alama ya kupakua programu. Waya wa USB haukuwemo. Basi mwalimu akapakua programu, na bando likaanza kuliwa kabla hata ukurasa mmoja haujatoka. Programu ikataka barua pepe ili afungue akaunti. Kisha ikataka ruhusa ya kujua mahali alipo.

Hapo aliiweka simu chini. "Inataka kujua ninakaa wapi ili iweje?"

Swali lake lina jibu. Tangu toleo la 6 la Android, la mwaka 2015, programu inayotaka kuona orodha ya mitandao ya Wi-Fi iliyo karibu huomba ruhusa ya mahali, kwa sababu majina ya mitandao inayokuzunguka yanaweza kufichua ulipo. Lakini programu ile haikusema hivyo. Haikusema pia kwamba kazi ikiisha unaweza kuiondoa ruhusa hiyo kwenye mipangilio ya simu. Mtu anaombwa aamini tu, na anayekataa hana pa kwenda.

Mtego mkubwa ulikuwa mbele kidogo. Printa mpya haijui nywila ya ruta yako, kwa hiyo hufungua mtandao wake mdogo wa Wi-Fi ili simu iingie humo na kuikabidhi hiyo nywila. Mtandao huo hauna intaneti. Simu ikigundua hivyo hujitoa kimyakimya na kurudi kwenye data ya laini. Programu inazungusha kiduara chake, mwishowe inatangaza kwamba printa haikupatikana, nayo printa iko mezani inamulika taa yake ya buluu. Tiba ni kuzima data ya simu mpaka kazi iishe, na simu ikiuliza kama ubaki kwenye mtandao usio na intaneti, kubali. Ila programu hiyo hiyo inahitaji intaneti kwa ajili ya akaunti yake. Inakutaka uwe pawili kwa wakati mmoja, na ukishindwa unaambiwa uanze upya. Aliyeitengeneza alikuwa na nafasi ya kuandika sentensi mbili za onyo kwenye ile karatasi ya michoro. Hakuandika, na watu wengi wenye akili timamu hujiona wajinga kwa sababu hiyo.

*

Jambo dogo la masafa. Ruta nyingi za sasa hurusha gigahezi 2.4 na gigahezi 5. Printa nyingi za bei nafuu husikia 2.4 peke yake. Jina la mtandao usipoliona kwenye printa, ingia kwenye mipangilio ya ruta uhakikishe 2.4 imewashwa. Ukiwa unatumia ruta ndogo ya laini ya simu, angalia pia kama imewekwa kuvitenga vifaa visionane. Ikiwa hivyo, simu na printa vitakuwa kwenye mtandao mmoja na bado visijuane kamwe.

*

Umeme ulikatika Jumanne usiku, ukarudi alfajiri. Asubuhi kompyuta ya mwalimu ikasema printa haipo hewani.

Nalisikia lalamiko hili kuliko jingine lolote. Kila kifaa kinachoingia kwenye mtandao wa nyumbani hupewa anwani ya tarakimu na ruta. Anwani hiyo ni ya muda. Umeme ukirudi, ruta huanza kugawa upya, na simu iliyowahi inaweza kupata anwani ambayo jana ilikuwa ya printa. Kompyuta nyingine hukumbuka anwani ya jana na kuendelea kuipigia hodi. Printa ni nzima na Wi-Fi ipo. Watu hufuta kila kitu na kusakinisha upya, wanachoma bando tena, inafanya kazi, na umeme ukikatika tena wanarudi palepale. Wengine huishia kuamini wameuziwa kifaa kibovu.

Nchi ambayo umeme haukatiki ovyo inaweza isilione tatizo hili mwaka mzima. Sisi tunaliona, kwa hiyo anayetuuzia printa anapaswa kulijua. Tiba ipo ndani ya ruta: unafungua ukurasa wake wa mipangilio, unaitafuta printa kwenye orodha ya vifaa, na kuitengea anwani yake ya kudumu. Kijana wa mwalimu, aliye kidato cha pili, aliifanya kazi hiyo baada ya kuelekezwa mara moja. Tangu hapo umeme umekatika tena, na printa imerudi yenyewe.

*

Kinachonikera kuliko yote ni kwamba kusanidi printa kungeweza kuwa rahisi, na wanaoziunda wanajua hivyo. Lugha ya pamoja ya kuprinti kwenye mtandao, IPP, ilichapishwa mwaka 1999. Mwaka 2010 Apple ikaleta AirPrint, na iPhone ikaanza kuprinti bila kusakinisha chochote. Mwaka 2013 Canon, HP, Samsung na Xerox wakaunda muungano wa Mopria kwa lengo hilohilo, na leo simu nyingi za Android zina uwezo huo ndani yake. Septemba 2023 Microsoft nayo ikatangaza kwamba itaacha hatua kwa hatua kusambaza draiva za watengenezaji wa printa kupitia Windows, kwa kuwa lugha ya pamoja inatosha. Printa ya mwalimu inaielewa lugha hiyo. Ilipokwisha kuingia kwenye ruta tuliifuta programu kwenye simu yake, tukafungua faili, tukabonyeza kuprinti, ukurasa ukatoka.

Akaunti ni ya nini, basi?

Mimi naamini ni kwa ajili ya wino. Printa huuzwa kwa bei ya chini na faida hutafutwa kwenye katriji, kwa hiyo kampuni inataka kujua kila siku wino umefika wapi na umenunuliwa kwa nani. Septemba 2016 wenye printa kadhaa za HP walikuta zimeanza kukataa katriji za kampuni nyingine, kwa agizo lililokuwa limewekwa ndani ya programu ya printa zenyewe. Kelele zilipozidi, HP ikaomba radhi kwa namna ilivyowasiliana na wateja, ikatoa sasisho la hiari la kuondoa kizuizi. Desemba 2020 mamlaka ya ushindani ya Italia iliitoza kampuni hiyo faini ya euro milioni 10 kuhusu masuala ya aina hiyo. Mtu amelipa, kifaa kiko sebuleni kwake, na bado kuna mkono wa mbali unaoweza kukizuia. Hilo silikubali.

Upande wa pili wa habari hii unanipa moyo. Wateja wa Indonesia walikuwa wakizitoboa printa zao na kuziunganisha na chupa za wino wa nje kwa mipira. Mwaka 2010 Epson ikaanza kuuza nchini humo printa zenye matangi ya kujazia, na leo za aina hiyo ziko kwenye steshenari zetu kila kona. Mafundi wa mitaani walionyesha wanachokitaka, na kampuni kubwa ikafuata.

*

Malalamiko haya yana historia ndefu. Kiasi cha mwaka 1980, katika maabara ya akili unde ya MIT huko Marekani, Richard Stallman alitaka kurekebisha programu ya printa ya leza ya Xerox ili karatasi zikikwama iwajulishe watu waliotuma kazi. Alinyimwa msimbo wake. Mwaka 1983 alitangaza mradi wa GNU, uliokuja kuzaa sehemu kubwa ya programu huru tunazozitumia leo, na mara nyingi amesimulia kisa cha printa ile anapoeleza kwa nini alishika njia hiyo.

*

Nimeulizwa na wasomaji wawili watatu wanunue ipi. Sitaji jina la kampuni. Ukiwa Kariakoo mwombe muuzaji aichomeke kwenye umeme na uprinti ukurasa kwa simu yako bila kupakua programu yoyote. Muulize kama ina tundu la USB, ununue na waya wake, maana Wi-Fi ikigoma usiku wa kuamkia mtihani, waya hauombi nywila. Uliza kama itaendelea kufanya kazi ikikaa mwezi mzima bila intaneti. Muuzaji asipotaka kulifungua boksi, nenda duka la pili. Yako mengi mtaa uleule.

Jaribio la mwalimu lilitoka Alhamisi jioni, nakala za darasa zima, pande zote mbili za karatasi. Upande wa skana bado: kitufe chake kinaidai ile akaunti, naye amekataa kuifungua. Nimemwahidi kwamba Jumamosi tutajaribu kuitumia skana moja kwa moja kutoka kwenye kompyuta, bila kupitia kwa mtu yeyote.